Ngurumo ya Ziwani na Nyaya za Dhahabu

Msimu wa mvua, umeme ukimeta juu ya ziwa upande wa rasi ya Ubwari, watoto wa Nundu, huku kwetu Fizi, waliojibanza ndani ya nyumba huanza kuhesabu. Moja, mbili, tatu, nne... Ngurumo inafika, mabati yanatetemeka, hesabu inakoma. Ukiwa umefika tisa, jua kwamba radi imepiga umbali wa kilometa tatu hivi. Mwanga unakufikia papo hapo, lakini sauti inatembea, na kila kilometa moja inakula sekunde tatu. Basi mtoto asiye na chombo chochote, hata saa ya mkononi, amepima umbali wa kitu ambacho asingethubutu kukisogelea.

Lakini umbali peke yake hautoshi. Kilometa tatu upande gani? Huenda ni ziwani, huenda ni milimani nyuma ya nyumba. Hapo ndipo unapohitaji wenzako. Tuseme mmoja yuko Mboko, wewe uko Nundu, wa tatu yuko Lusenda, na kila mmoja amehesabu umeme uleule. Kesho yake mnakutana na ramani na bikari. Yule wa Mboko anachora duara kuzunguka Mboko kwa umbali wake, wewe unachora lako, wa tatu lake. Mahali maduara matatu yanapokutana ndipo radi ilipopiga.

Ushikeni vizuri mchezo huo, wanangu, maana katika maabara za Ulaya kuna watu wazima, wenye nywele nyeupe wengine wao, wanaounda mashine ya kucheza mchezo huohuo kwa nyaya laki tatu na zaidi. Nao hawasikilizi radi. Wanasikiliza vitu vidogo sana, vidogo hata chembe ya vumbi ikiwekwa pembeni yake ni kama mlima.

Hebu fungua kiganja chako, kielekeze juu. Hesabu sekunde moja. Kuna chembe imekwishapita katikati ya kiganja hicho, ikatokea upande wa pili, ikazama ardhini. Sekunde nyingine, nyingine tena. Zinaitwa myuoni. Huzaliwa juu sana angani, kilometa kumi na tano hivi kutoka hapa, pale miale inayotoka mbali katika ulimwengu inapoigonga hewa yetu. Hazijali bati wala ukuta wa tofali. Mvuvi akipiga mbizi, zinamfuata ndani ya maji. Tangu ulipozaliwa zinakupitia, usiku na mchana, wala hujawahi kuhisi hata moja.

Sasa kitu kisichoonekana, kisichosikika, kisichoumiza, mtu atajuaje kwamba kimepita?

Nenda pwani ya ziwa alfajiri, kabla watu hawajakanyaga mchanga. Utakuta nyayo. Huyu ni mbwa, huyu ni korongo, huyu ni mtu mzima aliyebeba mzigo, maana kisigino chake kimezama. Hukumwona hata mmoja wao, lakini unaweza kusimulia safari ya kila mmoja. Kazi yote ya kufuatilia chembe ni hiyo ya kusoma nyayo. Shida ni kupata mchanga laini wa kutosha, ambao hata chembe itauachia alama.

Mtu wa kwanza kupata mchanga wa namna hiyo aliupata mawinguni. Alikuwa Mskochi, Charles Wilson. Mwezi Septemba 1894 alikaa majuma mawili katika kituo cha hali ya hewa kileleni pa mlima Ben Nevis, akatazama jinsi jua lilivyocheza na ukungu, akavutiwa mno. Mnaoamka asubuhi mkaona mawingu yamelala juu ya milima ya Mitumba mtamwelewa. Aliporudi nyumbani alitaka kutengeneza wingu lake mwenyewe ndani ya chombo cha kioo. Akagundua kwamba hewa iliyoshiba mvuke huwa inangoja kisingizio tu ili igeuke matone. Chembe yenye chaji ikipita, inazivuruga atomi za hewa njiani, na matone yanajipanga palepale ilipopita. Kufikia 1911 alikuwa anapiga picha za mistari myembamba myeupe ndani ya ukungu wake. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1927. Mwaka 1932 Mmarekani Carl Anderson aliona katika chombo cha aina hiyo mstari uliopinda upande usiotarajiwa: ilikuwa elektroni, lakini yenye chaji chanya. Tunaiita positroni. Mkumbuke jina hilo, litarudi.

Picha zilikuwa nzuri, ila zilikuwa polepole. Kwa miaka mingi watu walikaa mezani, wengi wao wanawake, wakikagua picha moja baada ya nyingine, maelfu kwa maelfu, wakitafuta mstari mmoja wa ajabu. Mtu anachoka. Chembe hazichoki.

Aliyeleta mageuzi aliitwa Georges Charpak. Alizaliwa Poland, akahamia Ufaransa akiwa mtoto. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikamatwa, na mwaka 1944 akapelekwa kambi ya mateso ya Dachau. Alitoka hai. Mwaka 1959 alijiunga na CERN, maabara kubwa ya fizikia iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, na mwaka 1968 akatengeneza chombo chepesi cha kustaajabisha: sanduku lenye gesi, na ndani yake nyaya nyingi nyembamba zimetandazwa sambamba kama nyuzi za zeze. Nobel yake ilikuja 1992.

Tuchungulie waya mmoja kwa karibu. Mara nyingi unene wake ni mikroni 20. Unywele wako ukiupasua mara tatu au nne, kipande kimoja ndicho unene wa waya huo. Kiini chake ni wolframu, chuma kigumu kinachokataa kukatika, na juu yake umepakwa dhahabu isipate kutu. Mmesikia maneno hayo, bila shaka. Wolframu inatoka kwenye jiwe la wolframiti, moja ya yale mawe ambayo wachimbaji wa Kivu huyatoa ardhini pamoja na kasiterite na koltani. Na dhahabu hakuna haja ya kumweleza mtoto wa Fizi ni nini; Misisi yenye migodi yake iko ndani ya teritwari yetu. Mimi hupenda kufikiri juu ya hilo. Tumezoea kuona mawe haya yakiondoka katika magunia, na habari zinazoyafuata mara nyingi ni za bunduki na machozi. Ni haki yetu kujua pia kwamba mawe ya aina hii ndiyo binadamu anayoyavuta kuwa uzi ili asikilize kitu kidogo kuliko vyote.

Waya unasikilizaje? Chembe ikipita ndani ya gesi, inang'oa elektroni kutoka kwenye atomi zilizo njiani mwake. Waya umetiwa umeme wa chaji chanya, kwa hiyo unaziita elektroni hizo, nazo zinaanza kusafiri kuuelekea. Zikikaribia, mvuto unakuwa mkali mno, elektroni moja inagonga atomi na kung'oa nyingine, hizo mbili zinang'oa nne, kama jiwe moja linaloporomoka mlimani likasukuma mengine mpaka bonde zima linanguruma. Waya unapata mshtuko mdogo wa umeme, na kompyuta inaandika: waya fulani, muda fulani.

Na sasa rudini kwenye umeme wa ziwani. Elektroni ndani ya gesi inasafiri kwa mwendo unaojulikana, sentimita mbili hivi kwa kila sehemu moja ya milioni ya sekunde. Ukijua chembe ilipita saa ngapi, na elektroni iliufikia waya saa ngapi, unahesabu umbali. Ni ngurumo ileile! Kila waya unasema: "Imepita milimita nne kutoka kwangu." Ila haujui ni upande upi. Waya wa pili unasema milimita moja, wa tatu milimita sita.

Jaribuni nyumbani. Nyoosheni uzi sakafuni, mpange sahani, kikombe, kifuniko cha chupa ya soda, na sahani nyingine, vingine upande huu na vingine ule, kila kimoja kikiugusa uzi kwa ukingo, kisha muuondoe uzi. Sasa waiteni wenzenu ambao hawakuona, mmoja avute uzi huku na mwingine kule, watafute namna ya kuulaza ukiwa umenyooka ili uguse ukingo wa kila chombo bila kukatiza ndani ya chochote. Vyombo vikiwa viwili tu, watapata njia kadhaa zinazofaa. Vikiwa vinne au vitano, njia inabaki moja. Hiyo ndiyo njia ya chembe. Chombo kinachofanya hesabu hii kwa nyaya kinaweza kusema chembe ilipita wapi kwa kukosea sehemu ya kumi ya milimita tu.

Kwa nini basi watu watengeneze kingine kipya?

Kwa sababu CERN wanatayarisha pete kubwa. Ile iliyopo sasa ni handaki la mviringo la kilometa 27, na humo ndimo protoni zilimogonganishwa mpaka tarehe 4 Julai 2012 ikatangazwa kwamba imepatikana chembe ya Higgs, ambayo wananadharia walikuwa wameitabiri tangu 1964. Pete mpya inayopangwa ina mzunguko wa kilometa 91 hivi, chini ya ardhi mita 200 kwa wastani. Safari ya barabara ya kando ya ziwa kutoka Uvira mpaka Baraka haipishani sana na urefu huo; wazieni barabara hiyo imekunjwa ikawa duara, ikafukiwa. Ripoti kubwa ya upembuzi ilitolewa Machi 2025, uamuzi wa kuichimba unatarajiwa karibu na 2028, na mashine yenyewe itawaka miaka ya 2040 ikielekea mwisho. Wachina nao wamebuni pete yao ya kilometa 100.

Ndani ya pete hiyo watagonganisha elektroni na positroni, ile ya Anderson. Protoni mbili zikigongana ni kama kugonganisha vikapu viwili vya ndagala: samaki wanaruka kila upande, na wewe unatafuta mmoja. Elektroni na positroni hazina vikapu. Zinakutana, zinatoweka zote mbili, na kinachozaliwa kinazaliwa kweupe. Hivyo Higgs inaweza kupimwa kwa utulivu, na ndicho wanafizikia wanachokitamani.

Hapa tunafika kwenye ugumu wenyewe, na naomba mnisikilize vizuri.

Ili usome nyayo za chembe, lazima uweke kitu njiani mwake. Lakini kitu chochote utakachoweka kinaisukuma kidogo. Inaingia ikiwa imenyooka, inagusagusa atomi, inatoka imepinda kidogo mno. Na kupinda ndiko unakotaka kupima! Ndani ya kigunduzi, yaani chombo cha kusomea nyayo hizo, kuna sumaku kubwa, na chembe yenye chaji hupindishwa na sumaku: yenye nguvu ndogo ya mwendo inapinda sana, yenye nguvu nyingi inapinda kidogo, kama vile upepo wa ziwani unavyouhangaisha mtumbwi mtupu huku boti lililosheheni likipita karibu moja kwa moja. Ukikosea kupima mpindo, umekosea kila kitu. Kwa hiyo kigunduzi bora ni kile ambacho karibu hakipo. Mvuvi anataka wavu usiopitisha samaki. Hawa wanataka wavu ambao samaki anaupita bila kujua, na bado wavu unajua alipita wapi.

Njia moja ni gesi nyepesi. Kwenye maabara ya Frascati, Italia, tangu mwaka 1999 kilifanya kazi kigunduzi kiitwacho KLOE, chenye pipa la upana wa mita nne lenye nyaya zaidi ya 52,000, limejazwa heliamu sehemu tisa kwa kumi na isobutani sehemu moja. Heliamu ni ile ya maputo yanayopaa; isobutani ni ndugu wa gesi ya kupikia. Kwa pete mpya, kundi la watafiti limebuni kigunduzi wakakiita IDEA. Ndani yake kuna pipa la mita nne, limejaa gesi hiyohiyo, na nyaya za kusikiliza zaidi ya 56,000 zilizopangwa katika tabaka 112. Ukijumlisha na zile za kusaidia kuelekeza umeme, zinafika kama 340,000. Kila waya lazima uvutwe usilegee. Mvuto wa mmoja ni mdogo kama uzito wa barua, lakini wote kwa pamoja unavuta vifuniko vya pipa kwa uzito wa tani nyingi, na vifuniko hivyo navyo vinatakiwa viwe vyepesi. Wahandisi hukosa usingizi kwa ajili ya jambo hilo.

Waya wenyewe una visa vyake. Kigunduzi kingine cha ukoo huu, cha jaribio la MEG II nchini Uswisi, kilifumwa Italia, sehemu kubwa kwa nyaya za alumini zilizopakwa fedha, nene kuliko zile za dhahabu. Wakati wa kukiunda, nyaya zikaanza kukatika. Mmoja leo, mmoja wiki ijayo, mpaka zikafika kama mia. Waya uliokatika ndani ya pipa la namna hiyo ni balaa: unajikunja, unagusa wenzake, umeme unapotea. Watafiti walichukua vipande wakavitazama kwa hadubini. Wakaona nyufa ndogo sana kwenye ngozi ya fedha, na ndani ya nyufa alumini iliyoliwa. Mwizi alikuwa unyevu wa hewa. Maji kidogo, yasiyoonekana, yaliingia kwenye ufa na kula kiini mpaka waya ukaachia. Dawa ikawa kuweka pipa katika hewa kavu kabisa. Na kwa ajili ya kigunduzi kijacho, sasa wanajaribu nyaya zenye kiini cha nyuzi za kaboni, ambazo hazijui kutu.

Karibu kabisa na mahali pa mgongano gesi haitoshi. Higgs mara nyingi hugeuka kuwa chembe ambazo zenyewe hukimbia milimita chache tu kisha zikapasuka, na ukitaka kuona mahali pa kupasukia lazima uwe karibu na uwe na jicho kali. Hapo hutumika silikoni, ile ya kamera ya simu, iliyogawanywa vijiraba vidogo. Jaribio la ALICE huko CERN lina vijiraba bilioni 12.5 vya namna hiyo vilivyowekwa mwaka 2021. Silikoni tunaijua ni ngumu na dhaifu kama kioo. Lakini wahandisi wa ALICE wameonyesha kwamba ukiichonga ikawa nyembamba chini ya mikroni 50, inakubali kukunjwa. Wanaikunja kuzunguka bomba kama mkeka, na karibu vishikizo vyote vilivyokuwa vya kuishikilia vinaondolewa.

Kuna jambo moja zaidi linalonifurahisha. Zamani waya ulipima jumla ya elektroni zilizofika, kama kupima mzigo kwa mizani. Sasa wanataka kuzihesabu zinavyowasili, kundi kwa kundi. Ndani ya heliamu chembe inayokwenda kasi huacha makundi kama 12 katika kila sentimita moja, na hesabu hiyo hubadilika kidogo kutoka chembe moja hadi nyingine. Aliyekulia nyumba moja na babu yake hutambua hatua zake gizani, bila kuona uso. Vivyo hivyo kaoni na pioni, chembe mbili zinazofanana njia, hutofautishwa kwa hatua.

Mtoto wa Fizi anayetaka kuingia katika kazi hii si lazima aanzie Geneva. Ketevi Assamagan, mwanafizikia Mtogo, ni mmoja wa waliosimamisha shule ya Kiafrika ya fizikia ya msingi. Ilianza Afrika Kusini mwaka 2010 na huhama nchi hadi nchi. Mwaka 2016 ilifanyika Kigali. Mwaka 2018 palepale Kigali, ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda, kikafunguliwa kituo cha Afrika Mashariki cha utafiti wa fizikia ya msingi, mtoto wa kile cha Trieste, Italia, alichokianzisha Mpakistani Abdus Salam mwaka 1964.

Nimebakiza heliamu. Mwaka huohuo wa 2016, watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham pamoja na kampuni ya Helium One walitangaza kwamba kuna heliamu nyingi chini ya bonde la Rukwa, Tanzania. Rukwa ni jirani yetu. Ufa wa dunia uliochimba ziwa letu mpaka likawa na kina cha mita 1,470 ndio uliochimba na bonde lile. Heliamu hiyo ilitoka wapi? Ndani ya miamba ya kale kuna urani na thori. Atomi ya urani ikichoka hurusha chembe iitwayo alfa, kasi kuliko risasi yoyote. Alfa hiyo inagonga mwamba, inapunguza mwendo, inasimama, kisha inaokota elektroni mbili zilizo karibu. Sasa ni heliamu. Imefungiwa ndani ya jiwe kwa mamia ya mamilioni ya miaka, mpaka joto la bonde la ufa likaipasha na kuifungulia.

Basi chukueni atomi moja ya namna hiyo. Iliwahi kuwa chembe inayokimbia, na hapakuwa na mtu wa kuona njia yake. Tuseme siku moja inatolewa ardhini, inasafishwa, inasafirishwa, inaingizwa ndani ya lile pipa la mita nne. Inaelea humo katikati ya nyaya. Chembe mpya inapita karibu yake na kuing'oa elektroni moja kati ya zile mbili ilizookota mwambani, na elektroni hiyo inaanza safari ya milimita chache kuelekea kwenye dhahabu, huku kompyuta ikihesabu muda.